Nimetolewa nusu ya tezi ya shingo, nikaambiwa nusu iliyobaki inatosha. Sasa nasinzia hadi kwenye cherehani

#1 FundiMakambako
Habari zenu wakuu. Miaka yote nasoma humu kimyakimya, leo limenifika mwenyewe.

Mwezi wa 11 mwaka jana nilipasuliwa rovu. Lilikuwa upande wa kulia tu, saizi ya limao, limeanza kunikaba nikimeza ugali. Walinichoma sindano ya kuvuta chembechembe, majibu yakasema si saratani. Daktari akatoa bawa lote la kulia na kile kidaraja cha katikati, la kushoto akaliacha. Siku ya kuruhusiwa akaniambia, "Mama, nusu iliyobaki inakutosha, nenda kafanye kazi." Wiki 6 baadaye wakapima TSH, ile homoni inayoihimiza tezi ifanye kazi, ikasoma 3.9. Kabla ya upasuaji ilikuwa 3.1. Nikaambiwa iko ndani ya kiwango, tukaagana. Tarehe nyingine sikupewa.

Sasa ni mwezi wa 7. Nimeongezeka kilo 7 na chakula ni kilekile. Choo napata siku ya nne. Hedhi imekuwa ya kutisha. Vidole vimekauka hadi nikishika satini vinakwaruza kitambaa, mteja ananiuliza mbona nguo yake ina vinyweleo. Wiki iliyopita nimesinzia mguu ukiwa kwenye pedeli, sindano ikapita kwenye kucha. Baridi ndiyo imenichelewesha kushtuka: Juni na Julai Makambako kila mtu anavaa sweta mbili, nani atajua kuwa yangu haitokani na hali ya hewa? Wifi yangu ameshatoa hukumu kwamba nimezoea kulelewa tangu nipasuliwe.

Juzi nikaenda kituo kingine. Majibu: TSH 0.1, T4, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, imevuka kiwango. Kijana aliyenihudumia akasema nusu iliyobaki inafanya kazi kupita kiasi, akaniandikia kabimazoli ya kuituliza. Pakiti iko hapa mezani, sijaifungua. Kilichonizuia ni karatasi yake mwenyewe ya dalili: kukonda, kusikia joto, moyo kwenda mbio, kuharisha. Mimi nina kinyume cha kila kitu kilichoandikwa pale. Nilipomwambia akajibu, "Vipimo havidanganyi."

Nimeze au nisimeze?

#2 Kigoda cha Mbele
Nimekaa hapa na karanga zangu nawasubiri wajuzi. Pole dada.

#3 MzeeWaNgano
Pole sana mama. Nikutoe hofu kidogo. Mke wangu alipasuliwa hivyohivyo mwaka 2015, upande wa kushoto. Hajawahi kumeza kidonge cha tezi hata kimoja na shamba analima kunishinda. Kwa hiyo daktari wako hakukudanganya, nusu hutosha. Hilo la kwako sijui limetokea wapi.

#4 ShambaLaBahari
Dada hao watakumaliza pesa. Rovu ni ukosefu wa madini joto, basi. Mwani wa Zanzibar umejaa madini joto, nasaga mwenyewe, vijiko viwili asubuhi na jioni, nusu iliyobaki inaamka ndani ya siku 21. Njoo inboksi.

#5 NesiWaZamu
Nipo wodi ya upasuaji mwaka wa 14 huu, si daktari, kwa hiyo nichukulieni hivyo.

Kwanza FundiMakambako: hiyo pakiti usiifungue mpaka tuelewane. Nina maswali matatu. (a) Kuna vitamini yoyote unameza, hasa za nywele na kucha? (b) Kile kipande kilichotolewa kilipelekwa maabara, una karatasi ya majibu yake? (c) Kwenye familia yenu kuna mwingine mwenye shida ya tezi?

Pili, mzee wangu #3 yuko sahihi na anakosea hapohapo. Wanaotolewa bawa moja, walio wengi huishi bila dawa kama mke wake. Lakini takriban mmoja katika watano tezi yake hushuka, wengi wao kwa kiwango kidogo kinachoonekana kwenye damu tu, wachache kwa kiwango cha kulala kwenye cherehani. Na mara nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza. Tatizo ni hilo neno "inatosha". Lilitakiwa liwe "huenda ikatosha, tutakupima".

Mwani nitaurudia, nikipata nguvu.

#6 FundiMakambako
Asante nesi. (a) Ndiyo! Nywele zilianza kukatika mwezi wa 4, dada wa duka la vipodozi akaniuzia vidonge vya kukuza nywele. Kopo limeandikwa bayotini 10,000. Nameza kila asubuhi, hata siku ile ya kupima nilimeza. (b) Karatasi ninayo, imekunjwa kwenye kadi ya kliniki. Inasema si saratani, ila chini kuna mstari una neno refu la tezi linaloishia na "itis". Nilidhani ni jina la ule uvimbe. (c) Mama mdogo anameza dawa ya tezi huko Njombe, sijui ni ipi.

#7 NesiWaZamu
Mungu wangu. Mtu wa maabara yeyote humu, njoo uelezee hilo la bayotini, mimi nitaharibu.

#8 Pipeti
Nimeitwa nimeitika. Nafanya kazi maabara.

Bayotini ni vitamini ya kawaida, mwili wa mtu mzima unatosheka na kama mikrogramu 30 kwa siku. Kopo lako lina 10,000, yaani zaidi ya mara 300. Haikuui, mwili unaitoa kwenye mkojo. Shida iko kwenye mashine yetu. Mashine nyingi za homoni hutumia bayotini kama gundi: kipimo kinakamata homoni ya mgonjwa kisha kinajibandika kwenye chembe zenye protini inayopenda bayotini kuliko kitu chochote. Damu ikija imejaa bayotini ya kopo, nafasi za kubandika zinaisha, homoni inaoshwa na maji. Kwa jinsi kipimo cha TSH kilivyoundwa, mashine inasoma TSH ndogo kuliko ilivyo. Kipimo cha T4 kimeundwa kinyume chake, kwa hiyo chenyewe kinasoma kubwa. Weka hayo mawili pamoja: TSH chini, T4 juu. Ndiyo picha kamili ya tezi iliyozidi, kwa mtu ambaye tezi yake huenda imelala fofofo.

Si mashine zote ziko hivyo, inategemea mtengenezaji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017, kwa hiyo si porojo za mtandaoni. Dada, acha hivyo vidonge leo. Siku mbili kwa kawaida zinatosha, ila kwa dozi yako subiri wiki nzima ndipo upime, na umwambie mpimaji ulikuwa unameza nini.

#9 HakunaKipya
Kwa hiyo "vipimo havidanganyi" lakini vitamini ya nywele inavidanganya. Hospitali hizi kazi yao pesa tu, kwanza walimtoa tezi, sasa wamuuzie dawa.

#10 Pipeti
Mkuu kipimo kilisoma kilichokuwa kwenye kichupa. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa amemeza nini asubuhi. Swali ni la bure, halina risiti.

#11 NesiWaZamu
Haya, nimerudi, zamu imeisha. Dada fundi, nikueleze kwa lugha ya banda lako.

Tuseme mlikuwa mafundi wawili, oda 20 kwa wiki. Mwenzako akaondoka, oda ni zilezile. Tajiri ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, kubwa kama punje ya njegere. TSH ni sauti yake anayokuhimiza. Homoni zikipungua kwenye damu anapaza sauti, zikitosha ananyamaza. Baada ya upasuaji ni kawaida apaze kidogo, na fundi aliyebaki, kama ana afya, anaongeza kasi, hata kabawa kenyewe kananenepa kidogo. Ndiyo maana TSH yako ilitoka 3.1 ikaenda 3.9. Kwa maabara nyingi kiwango huishia 4 na kitu, kwa hiyo "ipo ndani" ilikuwa kweli. Ila ilishakuwa inapanda. Ambao TSH yao kabla ya kisu tayari iko upande wa juu ndio hasa hutakiwa kufuatiliwa, na 3.1 iko upande huo.

Sasa hiyo "itis". Maana yake kile kipande walichokitoa kilikuwa kimeshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Kinga haijui kulia na kushoto. Kama ilikuwa inakula bawa la kulia, la kushoto halikusazwa. Fundi aliyebaki naye ni mgonjwa. Hiyo karatasi ilitakiwa isomwe mbele yako siku ya kutoa nyuzi, si ikae imekunjwa kwenye kadi miezi 8.

Na kwa nini wiki 6? T4 hukaa kwenye damu muda mrefu, kila siku 7 inapungua nusu. Ukipima wiki ya kwanza unapima akiba ya tezi iliyokwishatupwa. Wiki ya 6 hadi 8 ndiyo inaanza kusema ukweli, lakini kwa mtu kama wewe haikutakiwa iwe ya mwisho. Mwezi wa 6 na mwezi wa 12 baada ya upasuaji, kisha mara moja kwa mwaka, ndivyo tunavyowaandikia wagonjwa wetu.

Fanya hivi: acha vitamini, rudia TSH na T4 huru baada ya wiki, omba na kipimo cha kingamwili za tezi, yaani zile za kinga zinazoishambulia, kama kipo, halafu urudi na ile karatasi kwa aliyekupasua au daktari wa magonjwa ya ndani. Kabimazoli mrudishie mwenyewe, usiitupe tu, mwambie kwa nini.

#12 MwanaKivu
Niko Bukavu, nafuata uzi huu tangu jana. Huku kwetu kisiwa cha Idjwi ndani ya ziwa Kivu kilichunguzwa sana na wataalamu wa rovu tangu miaka ya 1960. Waliona chumvi na udongo havina iode, yaani hayo madini joto, ya kutosha, halafu watu wanakula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri. Sumu ya muhogo mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi isivute iode. Bibi yangu alikuwa na rovu la kuning'inia. Kwa hiyo #4 hajasema uongo wote, ukosefu wa madini joto unaleta rovu kweli. Lakini dada amesema lake lilikuwa upande mmoja na kuna kinga inashambulia. Si ugonjwa uleule.

#13 NesiWaZamu
Umeniokolea maneno, ndugu wa Bukavu. Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Njombe, Rukwa, rovu la namna hiyo lilikuwa jambo la kila kijiji kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini joto katikati ya miaka ya 1990. Ndiyo sababu kila tezi ya mtu wa huku watu wanasema chumvi.

#4, mwani naupenda, shangazi yangu anaulima Paje. Ila kiasi cha madini joto ndani yake kinabadilika kutoka mwani mmoja hadi mwingine, na kijiko chako hakipimi. Tezi nzima na yenye afya ikimwagiwa madini joto mengi ghafla hufunga mlango kwa siku chache kisha hufungua. Nusu tezi iliyoshambuliwa na kinga inaweza kufunga na isifungue. Dada anahitaji chumvi ya kawaida ya dukani yenye madini joto, aitunze kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko. Basi.

#14 ShambaLaBahari
Sawa nesi. Kwa nywele je, naweza kuuza?

#15 Kigoda cha Mbele
😂😂 karanga zimenipalia

#16 Daftari la Zamani
Nichomekee historia kidogo, mods mtanisamehe. Hili la "nusu au yote" lina zaidi ya miaka 140. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alikuwa hodari wa kutoa tezi yote, wagonjwa wanatoka salama, kovu safi, anasifiwa. Kisha akaletewa habari ya msichana aliyempasua miaka ya nyuma, kwamba amedumaa na kupumbaa. Akawaita wagonjwa wake wa zamani warudi awaone. Mwaka 1883 akaeleza hadharani alichokikuta: nyuso zimevimba, wazito, wanasikia baridi, akili inakwenda polepole. Tangu hapo akawa anaacha sehemu ya tezi. Alipewa Nobel mwaka 1909. Dawa ilikuja 1891, George Murray kule Newcastle alipomdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo. Mama yule aliishi hadi 1919.

Kinachonigusa ni kwamba Kocher mwenyewe ndiye aliyewaita warudi. Kovu lilikuwa zuri, angeweza kuishia hapo.

#17 Bi Kizingo
Salaam kutoka Mombasa. Mwanangu fundi, mimi nilitolewa nusu miaka tisa sasa, nameza levothairoksini mikrogramu 50. Usiogope kidonge, si madawa ya kukulewesha, ni homoni ileile ambayo tezi ingetengeneza. Nitakwambia yaliyonipa taabu mimi.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakimeza na chai ya maziwa na mahamri. TSH haishuki, daktari anaongeza dozi, mie navimba tu. Kumbe kidonge hiki kina wivu, hakitaki kukutana na kitu tumboni. Maji matupu, kisha ungoje nusu saa hadi saa nzima ndipo ule. Maziwa, kahawa, uji wa lishe wenye soya, vyote vinakipunguza nguvu. Vidonge vya damu na vya kalsiamu viache mbali kwa saa nne.

Ramadhani niliuliza daktari, akaniambia nimeze usiku. Nafturu magharibi, nakula, saa tano nikienda kulala tumbo limeshatulia ndipo nameza. Nimeona kunanifaa hata baada ya Idi nikaendelea hivyohivyo. Na usikiweke jikoni juu ya friji. Joto letu hili linakiua kidonge, utakuwa wameza chaki.

#18 MamaMtarajiwa22
Mimi pia nilitolewa nusu, sijaanzishiwa dawa, TSH 3.4. Nataka kubeba ujauzito, kuna shida? Na sauti yangu mpaka leo haipandi kwenye kwaya.

#19 NesiWaZamu
Pima kabla ya kubeba, na ukichelewa hedhi tu upime tena, usisubiri kadi ya kliniki miezi minne. Mtoto miezi mitatu ya mwanzo anategemea homoni za mama, na ujauzito unaidai tezi zaidi ya kawaida, nusu inaweza kushindwa hata kama leo inamudu. Madaktari wengi humtaka mjamzito TSH yake iwe chini zaidi kuliko ya mtu mwingine. Mwambie mkunga siku ya kwanza kwamba una nusu tezi, kovu likififia hawalioni.

Sauti ni jambo jingine, kuna mishipa ya fahamu inapita nyuma ya tezi. Muone daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi za sauti.

#20 FundiMakambako
MREJESHO. Niliacha vidonge vya nywele siku 8, nikapima kwingine. TSH 14.6. T4 huru iko chini ya kiwango. Kingamwili za tezi ziko juu sana, mpimaji aliniita pembeni.

Nikapanda basi hadi kwa daktari aliyenipasua nikiwa na karatasi zote tatu. Nilikuwa nimejipanga kugomba. Akaisoma ile yenye "itis", akanyamaza, akaisoma tena. Akasema, "Hii ilinipita, mama." Basi nikakosa la kugombea. Ameniandikia levothairoksini 50, nirudi baada ya wiki 8 ajue kama nazidishiwa. Nilimuuliza ningemeza kabimazoli ingekuwaje, akasema ningezima hata hicho kidogo kilichobaki.

Yule kijana wa kabimazoli nilimrudishia pakiti. Amechukua picha ya kopo la vitamini.

#21 HakunaKipya
Nimekubali. Pole dada.

#22 MzeeWaNgano
Nimempeleka mke wangu kupima, mara ya kwanza tangu 2016. TSH 2.2. Ameniambia shamba limenisubiri siku nzima kwa ajili ya uzi wa watu.

#23 FundiMakambako
Wakuu nimerudi, wiki 8 zimetimia. TSH 5.1 kutoka 14.6, daktari ameongeza hadi 75, narudi tena baada ya wiki 8. Choo kimerudi kawaida. Kilo zimepungua 2 tu, nesi alishaniambia nisitarajie zote 7 ziwe za tezi. Nywele bado. Jana nimeshona gauni la harusi, satini mita 6, nimelipitisha mikononi lote bila kunasa hata mahali pamoja. Wifi kalijaribu, limemkaa.

#24 Bi Kizingo
Alhamdulillahi. Wameza na nini?

#25 FundiMakambako
Maji matupu saa 11 alfajiri, bibi. Chai saa 12.